Mwenye Taa Ndiye Anayechagua

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Leo nataka tuzungumze habari ya mwenye taa.

Chukua kibatari, uingie nacho usiku katika nyumba yenye watu kumi. Ukikishika karibu na uso wa babu, wote watamwona babu, na mikunjo ya uso wake itahesabika mmoja mmoja. Wajukuu waliokaa nyuma yake watakuwa vivuli tu. Wamo humo ndani, wanapumua, na pengine mmoja wao ndiye aliyekwenda kutafuta kuni zilizopikia chakula cha jioni, lakini hawaonekani. Sogeza kibatari hatua mbili, na babu naye ataingia gizani. Watu ni wale wale, nyumba ni ile ile, ila mkono ulioshika taa umekwenda upande mwingine.

Jambo hili dogo, ambalo kila mtoto aliyekulia kijijini analijua, wachoraji wa Ulaya walilifanya kuwa ufundi mkubwa karne nne zilizopita. Na miaka tisini hivi iliyopita lilitendeka pia kwetu, katika milima ya Usambara, bila rangi wala brashi, kwa mashine ya sinema. Nitaanza na hao wachoraji, kisha tutapanda mlima.

Mwaka 1593 Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, huko Roma kulikuwa na kijana mmoja mchoraji ambaye hakuwa na muda mrefu tangu kuwasili. Jina lake lilikuwa Michelangelo Merisi, lakini dunia inamjua zaidi kwa jina la mji wa kwao, Caravaggio. Alizaliwa mwaka 1571 na kufariki mwaka 1610, hata miaka arobaini hakuitimiza. Alikuwa mgomvi wa kutisha. Mwaka 1606 aliua mtu, akaikimbia Roma na hakurudi tena. Lakini mkono wake ulikuwa na jambo ambalo wachoraji wenzake hawakuwa nalo. Wengi wao walizoea kuutandaza mwanga katika picha nzima, kama jua la adhuhuri linavyotanda uwanjani. Caravaggio aliifunga picha katika giza, halafu akaufungulia mwanga mahali pamoja tu.

Picha yake mojawapo iliyo maarufu sana ni ile ya Mathayo mtoza ushuru akiitwa na Yesu. Aliichora kati ya mwaka 1599 na 1600, na mpaka leo imo katika kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma. Mathayo amekaa mezani na wenzake, fedha ziko mezani zinahesabiwa. Yesu ameingia kutoka upande wa kulia, amenyoosha mkono, na mwanga unapita juu ya kichwa chake, unakata ukuta, unaangukia nyuso za wale waliokaa. Karibu kila kitu kingine ndani ya chumba kile ni giza. Jicho lako, utake usitake, linakwenda pale mchoraji alipotaka liende.

Mtindo huo, ambao wataalamu huuhesabu katika sanaa iitwayo Baroko, ulienea upesi. Ulifika Naples, ukafika Hispania, ukafika Uholanzi, ambako Rembrandt, aliyeishi kati ya mwaka 1606 na 1669, aliufanya kuwa wake kabisa.

Mimi nilipata bahati ya kuziona picha za zama hizo kwa macho yangu nilipopita mji wa The Hague, huko Uholanzi, katika jumba la makumbusho liitwalo Mauritshuis. Si jumba kubwa. Unatembea chumba hadi chumba, sakafu inalia chini ya viatu, na watu wananong'ona kana kwamba wako msibani. Nilitazama nyingi, lakini nilikuwa nimekwenda kuiona moja: picha ya Rembrandt ya mwaka 1661, inayoonyesha Waafrika wawili.

Si picha kubwa; urefu wake haufiki mita moja. Mmoja yuko mbele, na mwenzake yuko nyuma yake kidogo, ameegemeza kichwa karibu na bega lake, kama mtu aliyechoka kwa safari. Rangi ni za udongo, kahawia na kijivu. Mwanga umeangukia zaidi nguo ya yule wa mbele, na nyuso zao unaziona polepole, kadiri jicho linavyozoea. Nilisimama pale muda mrefu hata mlinzi wa chumba akaanza kunitazama. Nilikuwa nimezoea kuona Mwafrika katika picha za zamani za Ulaya akiwa pembeni, ameshika sinia au amemshika farasi wa bwana. Hawa wawili hawakumshikia mtu kitu. Walikuwa wanaume wawili, kila mmoja na mawazo yake.

Ni nani hao? Hapo ndipo giza linapoanza. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika, na mali yake ikaandikwa kitu kimoja kimoja ili iuzwe kulipia madeni. Katika orodha hiyo imo picha ya "Wamori" wawili, jina ambalo Wazungu wa siku hizo waliwaita watu weusi. Watafiti waliopekua hati za mji wa Amsterdam wamegundua kwamba katikati ya karne ile palikuwa na Waafrika walio huru waliokuwa wakiishi mitaa ya jirani na nyumba ya Rembrandt, baadhi yao mabaharia na watumishi. Mwaka 2020, katika nyumba hiyo hiyo ya Rembrandt ambayo sasa ni makumbusho, yalifanyika maonyesho maalumu juu ya watu weusi wa zama zake. Kwa hiyo wale wawili huenda walikuwa majirani zake, watu aliopishana nao njiani. Lakini majina yao hakuyaandika. Tunaijua saini ya aliyeshika brashi. Walioketi mbele yake hatuwajui.

Na lipo jambo jingine. Jumba lenyewe la Mauritshuis limepewa jina la aliyelijenga, Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa Waholanzi huko Brazil kuanzia mwaka 1636 hadi 1644. Mwaka 1637, yeye ndiye aliyetuma meli kuiteka ngome ya Elmina, katika nchi tunayoiita leo Ghana, ili mashamba ya miwa ya Brazil yapate watumwa. Kwa miaka mingi mgeni angeweza kuingia na kutoka humo akasifu rangi na mwanga bila kuambiwa habari hiyo. Mwaka 2019 makumbusho yenyewe yaliandaa maonyesho ya kuichunguza sifa ya bwana huyo. Taa ilisogezwa hatua moja, na ukuta uliokuwa gizani ukaonekana.

Kabla hatujapanda mlima, naomba nimtaje mtu mmoja zaidi, kwa sababu ndiye ufunguo wa mazungumzo yetu. Aliitwa Juan de Pareja. Alikuwa mtumwa wa asili ya Kiafrika katika karakana ya mchoraji mkuu wa Hispania, Diego Velázquez. Mwaka 1650, wakiwa Roma, Velázquez alimchora mtumwa wake huyo, na picha ikawa nzuri kiasi kwamba mpaka leo watu hupanga mstari kuitazama huko New York. Mwaka huo huo alimwandikia hati ya uhuru, ingawa kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi.

Laiti habari ingekomea hapo, tungesema Pareja alibahatika kuangaziwa na taa ya mtu mwingine. Lakini alipokuwa huru alishika brashi mwenyewe. Mwaka 1661, mwaka ule ule ulioandikwa kwenye picha ya Rembrandt ya Waafrika wawili, Pareja alichora picha kubwa, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid. Na alichora nini? Alichora habari ile ile ya Caravaggio: Mathayo mtoza ushuru akiitwa. Upande wa kushoto wa picha amesimama mwanamume mmoja mweusi, amevaa vizuri, anatutazama sisi watazamaji, na mkononi ameshika karatasi. Katika karatasi hiyo limeandikwa jina: Juan de Pareja. Aliyekuwa mali ya mchoraji amejiweka mwenyewe katika mwanga, na jina lake akaliandika mwenyewe asije mtu akalisahau.

Sasa, ndugu msikilizaji, tupande mlima.

Ukitoka Korogwe, mji wa bondeni penye mto Pangani na reli ya Tanga, ukatazama kaskazini, utaiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Juu ya bega lake la kusini pana mahali panapoitwa Vugiri. Wengi wetu tukitaja Usambara tunataja Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao; au tunataja Mlalo, au Bumbuli, au Soni penye maporomoko ya maji. Vugiri haitajwi mara nyingi. Lakini kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 mahali hapo palikuwa makao makuu ya kazi ambayo haikuwa imepata kufanyika katika nchi zetu: kutengeneza filamu za sinema kwa ajili ya Waafrika, na Waafrika wakiwa ndio waigizaji.

Kazi hiyo kwa Kiswahili tungeiita Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Ilianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani, na serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya na Uganda zikaiunga mkono. Walioisimamia ni Waingereza wawili. Wa kwanza alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyepata kuwa meneja wa shamba la mkonge hapa Afrika Mashariki, na ambaye wazo la sinema lilimjia hasa kama njia ya kuwatuliza wafanyakazi wa mashambani. Wa pili alikuwa G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu zipatazo 35. Mkanda wenyewe haukuwa na sauti. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, na santuri ikapigwa sambamba na picha. Hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa Kiswahili hapa, Kikikuyu kule, Kiganda kwingine. Kisha lori lilipakiwa mashine, kitambaa cheupe na mtambo wa umeme, likashuka mlimani kwenda kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jua likizama kitambaa kilitundikwa, watu wakakaa chini mbele yake, na giza la kijiji likakatwa na mwanga mmoja. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuona picha inatembea. Na waliyemwona ndani ya mwanga alikuwa Mwafrika kama wao.

Lakini hebu tutazame taa ile ilielekezwa wapi.

Palikuwa na filamu juu ya akiba ya posta. Mtu mmoja anazika fedha zake ndani ya nyumba na mwizi anazichukua. Mwenzake anaziweka katika benki ya posta naye anabaki salama. Palikuwa na filamu juu ya kodi, kueleza kwamba fedha za kodi hurudi kwa wananchi. Palikuwa na filamu za kilimo, za kutunza watoto wachanga, za malaria, na za minyoo iletayo safura.

Tuseme haki. Safura iliua watu na bado inadhoofisha watu. Choo ni jambo jema hata kama anayekuhimiza ukichimbe ni mkoloni. Fedha iliyozikwa ardhini huibwa kweli. Na katika kitabu walichokitoa mwaka 1937 Notcutt na Latham waliandika kwamba walitaka pia kuhifadhi yaliyo bora katika mila za Kiafrika. Sisemi kwamba filamu za Vugiri zilikuwa uongo. Uso ule wa Mathayo ulioangukiwa na mwanga wa Caravaggio nao haukuwa uongo. Ninachouliza ni kile kilichoachwa gizani.

Katika mwanga alikuwapo mkulima asiyejua, na karibu naye anayejua: mganga wa serikali, bwana shamba, karani wa posta. Nje ya mwanga yalibaki mambo mengi. Kodi ilionyeshwa inavyorudi, haikuonyeshwa ilivyoingia. Watu wa Usambara walikuwa na kumbukumbu nyingine ya kodi. Wajerumani walianza kuwatoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na aliyekosa fedha ilimbidi aitafute shambani kwa Mzungu. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha utaratibu wa kadi: kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na siku hizo zikaandikwa kwenye kadi yake. Kwa hiyo mzee aliyeketi mbele ya kitambaa cheupe mwaka 1936 aliweza kuwa na mambo yake ya kuongeza juu ya kodi. Santuri haikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Santuri husema tu.

Yalibaki gizani pia maarifa ya wenyeji. Washambaa walikuwa wakiikalia na kuilima milima hii kwa karne nyingi. Walikuwa na mifereji ya kuleta maji mashambani kutoka vijitoni, walikuwa na migomba iliyokinga udongo na mvua kali, na walijua mteremko upi ulimwe na upi uachwe. Walikuwa na maneno yao kamili ya siasa ya ardhi: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa maneno hayo mawili. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa miaka mingi na wazee wa huko, ameyaeleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mtu mwenye maneno kama hayo huwezi kumwita asiyejua. Lakini usipomwelekezea taa, ni rahisi kumdhania hivyo.

Na kudhania huzaa amri. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo, ukaanzia Mlalo na kisha kuenea Usambara. Kila nyumba iliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, na asiyechimba alitozwa faini. Kazi yenyewe iliwaangukia zaidi wanawake, wakati chakula cha watoto kiliwangoja wao hao hao. Watu walisema wazi kwamba huku ni kubana shi. Walikataa, wakanung'unika, wakajiunga na siasa za TANU, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Sisemi sinema za Vugiri ndizo zilizoleta matuta. Zilikuwa zimekwisha miaka mingi kabla. Nasema zote mbili zilitokana na namna moja ya kutazama. Ukimtazama mtu miaka na miaka kama anayefundishwa tu, siku ikifika ya kuamua juu ya shamba lake hutakumbuka kumwuliza.

Jaribio la Vugiri lilikwisha mwaka 1937. Fedha za Carnegie zilimalizika, na serikali zetu za kikoloni hazikutaka kulipia zaidi. Katika zile filamu 35, zinazofahamika kuwa zimebaki ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya minyoo ya safura, na moja ya mashamba ya Kingolwira, kule Morogoro. Nyuso za waigizaji zimo, zinatembea na kucheka. Lakini kama wale wawili wa Rembrandt, tunazo nyuso, na majina hatunayo mikononi.

Je, kabla ya lori lile kushuka mlimani hapakuwa na taa nyingine? La hasha, ilikuwapo. Mtu wa pwani aitwaye Abdallah bin Hemedi, aliyeishi kwa Semboja pale Mazinde, chini tu ya majabali unayoyatazama ukisimama Irente, aliandika kwa Kiswahili historia ya ukoo uliotawala Usambara. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu kuanzia mwaka 1895 na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, na kikachapwa tena mwaka 1962. Humo Mbegha mwindaji, na Kimweri, na vita vya wanawe, vyote vimesimuliwa na mtu aliyekula ugali wa huko na kusikia habari kwa masikio yake. Ni taa iliyoshikwa na mkono wa karibu. Nayo ina giza lake: imewaangazia zaidi watawala, na mwanamke aliyepalilia migomba ya Kimweri humuoni sana humo.

Na baadaye wakaja walioshika brashi. Jirani zetu wa Kilimanjaro walimzaa Sam Ntiro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akasoma London, akarudi kuchora maisha ya vijijini kwao. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, na mwaka 1960 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yakainunua. Tulipopata uhuru, Ntiro akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Nikimfikiria Pareja na karatasi yake huwa namkumbuka Ntiro. Wote wawili walikataa kungoja waangaziwe. Usiku wa Ntiro ni usiku wa kwao. Ndani yake watu wana shughuli zao, na hakuna anayekuja kuwafundisha kubeba kibuyu.

Sasa tufike kwetu sisi, wakaaji wa miji na wanunuzi wa magazeti. Leo taa haiko Vugiri tena wala haiko kwa mkoloni. Iko kwetu. Kila mwenye simu ana kamera, na kila gazeti lina mpiga picha. Nimejaribu kutazama picha za Lushoto zinazotufikia mjini. Nimeona ukungu wa asubuhi, nimeona jabali la Irente na watalii wamesimama ukingoni, nimeona maporomoko ya maji. Ni picha nzuri. Lakini kabichi, karoti na nyanya zinazoshuka kila siku kwa malori kupitia Mombo kuja kutulisha Dar es Salaam, ni nani anayezilima? Ameuza kwa bei gani pale shambani, nasi tumenunua kwa bei gani hapa sokoni? Mvua inapokata barabara za milimani na mzigo ukaoza njiani, hasara ni ya nani? Ni mara chache mwanga wetu hufika huko. Tumemrithi Notcutt kuliko tunavyopenda kukiri: tunapenda kumpiga picha mkulima anapopokea semina, hatupendi kumsikiliza anapotueleza hesabu zake.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye dhamana ya makumbusho na nyaraka zetu. Nakala za filamu zile tatu ziombwe, zitundikiwe kitambaa Vugiri, Lushoto, Morogoro, mbele ya watu. Wapo wajukuu wa waigizaji wale, na pengine mmoja wao atasimama katikati ya giza aseme, huyo ni babu yangu, alikuwa akiitwa fulani. Jina moja likipatikana, litakuwa limetoka mahali ambapo hati za London haziwezi kulitoa. Na lifanywe sasa, maana waliozijua nyuso hizo wanapungua kila mwaka.

Ombi la pili ni kwa walimu wa sanaa, kama bado wapo katika shule zetu. Mkimfundisha mtoto wa Lushoto kuchora, msimwambie tu achore mlima. Mwambieni achore anaowajua, kisha mwulizeni amemwacha nani gizani na kwa sababu gani. Akishaweza kulijibu swali hilo kwa picha yake mwenyewe, ataliuliza pia kwa kila picha atakayoletewa, iwe ya mchoraji mkubwa wa Ulaya au ya serikali yake.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.